Martha Qorro na Hazina ya Lugha katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii husemwa mara nyingi mikutanoni na madarasani, na aghalabu wanaoisema huwazia ngoma, mavazi na vyakula vya asili. Mambo hayo yana thamani yake. Hata hivyo, tukiyatazama kwa makini tutaona kwamba mila yoyote hukaa kwanza katika maneno. Ngoma ina jina lake, na wakati wa kuichezea una jina lake. Dua ina maneno ambayo hayabadilishwi ovyo. Undugu, ng'ombe, udongo, mvua na mauti vyote vimegawanywa katika majina, na mgawanyo huo ndio unaotuonyesha jinsi watu fulani walivyoufahamu ulimwengu wao. Neno likisahauliwa, jambo lenyewe hubaki bila mlinzi. Kwa sababu hiyo mtu anayetunza maneno ya watu wake anautunza utamaduni wao tangu shinani, hata kama hapigi ngoma wala hachongi vinyago.

Katika insha hii tunakusudia kueleza kazi ya mwandishi mmoja mwanamke, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye jina lake la ukoo linajulikana sana katika nchi ya Wairaqw. Kazi yake ina pande mbili, na kwa mtazamo wa kwanza pande hizo huonekana kama zinapingana. Kwa upande mmoja alishirikiana na wenzake wawili kutunga kamusi ya Kiiraqw, lugha kubwa ya Mbulu. Kwa upande mwingine ameandika kwa miaka mingi kutetea Kiswahili, lugha ya taifa zima, kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari na vyuo. Msomaji aweza kuuliza: mtu anayejali lugha ya kwao, mbona anaipigania lugha nyingine? Tutajaribu kuonyesha kwamba pande hizo mbili ni kazi moja, na kwamba kazi hiyo inawahusu walimu na wanafunzi wetu kuliko wanavyodhani.

Nchi na lugha zake

Wilaya za Mbulu na Hanang zimo katika Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Upande wa Mbulu ni nchi ya miinuko yenye baridi, mabonde yaliyolimwa kwa ustadi na mifugo inayolishwa karibu na nyumba. Huko ndiko kuliko Kainam na sehemu zinazoizunguka, ambazo Wairaqw huzihesabu kuwa kitovu cha nchi yao ya zamani. Upande wa kusini, mlima Hanang wenye kimo cha mita 3,417 hivi husimama peke yake juu ya nyanda, na chini yake umo mji wa Katesh. Katika nyanda hizo Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatooga, wamechunga ng'ombe wao kwa vizazi vingi.

Jambo linalowashangaza wataalamu wa lugha kuhusu sehemu hii ni wingi wa asili za lugha zinazokutana katika eneo dogo. Kiiraqw, ambacho wenyeji wa nje hukiita pia Kimbulu, pamoja na ndugu yake Kigorowa cha Babati, ni lugha za Kikushi. Ukoo wake wa mbali unafika Somalia na Ethiopia. Kidatooga ni lugha ya Kiniloti. Kinyiramba, Kinyaturu, Kirangi na Kimbugwe, zinazosemwa katika nchi za jirani, ni lugha za Kibantu kama Kiswahili. Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi Yaeda Chini wilayani Mbulu, wana lugha yao ambayo haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Ni vigumu kupata mahali pengine barani Afrika ambapo mtu aweza kupita katika koo nne za lugha kwa mwendo wa siku chache.

Basi mtoto anayezaliwa Mbulu au Hanang hazaliwi katika nchi maskini. Huzaliwa katika ghala. Tatizo ni kwamba ghala hilo kwa muda mrefu halikuwa na orodha ya vilivyomo, na akiba isiyo na orodha hupotea bila mwenyewe kujua kilichopotea.

Yaliyomo katika maneno

Hatuna budi kutoa mifano, ili tusionekane kusifu maneno kwa jumla tu. Wairaqw wana utanzu wa fasihi simulizi uitwao slufay. Mzee anayeheshimika, mwenye sauti na kumbukumbu njema, hutamka dua na baraka kwa mfululizo mrefu, na wasikilizaji huitikia kwa pamoja. Slufay huombea mvua, watoto, mifugo na amani. Huondoa kinyongo baada ya mashauri na kuwarudisha watu katika umoja. Hivyo ni ushairi, na papo hapo ni chombo cha utawala, kwa sababu mkutano uliofungwa kwa maitikio ya pamoja si rahisi kuvunjwa na mtu mmoja kesho yake.

Katika imani ya asili ya Wairaqw, mwenye enzi anayeombwa huitwa Looaa, na neno hilo limeungana na jua. Looaa ni mama. Huruma, mvua na uzazi hutoka kwake. Kinyume chake wako Neetlaangw, wakaao katika chemchemi na mito, ambao ni wa kiume na huogopwa. Sasa tufikirie linalotokea dua ya Kiiraqw inapofasiriwa kwa Kiswahili. Looaa anakuwa Mungu. Tafsiri hiyo si mbaya, maana hatuna neno lililo karibu zaidi. Lakini Kiswahili hakitofautishi jinsi ya kike na ya kiume katika sarufi yake, ilhali Kiiraqw hufanya hivyo. Umama wa Looaa umo ndani ya neno lenyewe na katika viambishi vinavyolifuata. Katika tafsiri huanguka njiani kimya kimya. Mwanafunzi anayesoma tafsiri peke yake hatajua kwamba babu zake walimwomba mama.

Mfano wa pili tunautoa Hanang. George Klima, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950, alieleza habari za baraza la wanawake. Mwanamume akiwakosea wanawake katika mambo wanayoyamiliki, kwa mfano akimdhulumu mama aliye katika siku za uzazi, wanawake hukusanyika, humshtaki na kumtoza faini ya ng'ombe dume. Akikataa kulipa, huwa anajiweka chini ya laana yao, na hakuna mwanamume mwenye akili aliyelidharau jambo hilo. Twajifunza kwamba wanawake wa nyanda hizo walikuwa na sheria yao, mahakama yao na lugha ya kuendeshea mashauri yao. Sheria hiyo haikuandikwa. Ilikaa katika maneno ya akina mama, na mabinti waliirithi kwa kuyasikia.

Mfano wa tatu una uchungu ndani yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa katika nyanda za Hanang kwa msaada wa Canada, hata yakaenea katika eneo la ekari laki moja hivi. Taifa lilihitaji chakula, na nia hiyo haikuwa mbaya. Lakini katika nyanda zilizolimwa yalikuwamo makaburi ya wazee waliotukuzwa, ambayo Wabarabaig huyaita bung'eda. Bung'eda hujengwa kwa udongo na fito katika mazishi yanayochukua miezi mingi, na ukoo hurudi hapo kuomba. Kwa asiyelijua neno hilo, hapo pana kichuguu cha udongo kinachozuia trekta. Na trekta zilipita. Waliolima hawakuwa wote watu wabaya. Walikuwa watu wasiolijua neno, wala hapakuwa na mtu wa kuwafasiria aliyesikilizwa. Hapa ndipo tunapoona kwamba kutojua msamiati wa jirani kwaweza kuwa hasara isiyofidika.

Walioandika kabla yake

Lugha za Mbulu zilianza kuandikwa na wageni. Katika miaka ya 1930, Mjerumani Paul Berger alikusanya simulizi za Wairaqw kutoka vinywani mwa wenyeji, lakini simulizi hizo zilichapishwa kama kitabu mwaka 1998 tu, baada ya kuhaririwa na Roland Kießling. Katika miaka ya 1950, W. H. Whiteley, ambaye walimu wa Kiswahili wanalifahamu jina lake, alitoa uchunguzi wake kuhusu Kiiraqw. Mwaka 1993 Mholanzi Maarten Mous alichapisha kitabu kikubwa cha sarufi ya lugha hiyo.

Haifai kuwabeza watu hawa. Walifanya kazi kwa uvumilivu na uangalifu, na lau si wao, mengi yangalipotea. Hata hivyo tunapaswa kuona mambo mawili. Kwanza, waliandika kwa Kijerumani na Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa vyuo vya Ulaya. Pili, majina yaliyo juu ya majalada yao ni ya wanaume watupu, ilhali nyumbani Mbulu, kama popote katika nchi yetu, mtoto huyapokea maneno yake ya kwanza kwa mama na kwa bibi. Ngano za usiku, nyimbo za kubembeleza, majina ya mboga, vyungu na magonjwa ya watoto ni elimu ya akina mama. Mchunguzi mgeni mwanamume hukaribishwa barazani kwa wazee. Si rahisi akaribishwe jikoni.

Kamusi ya mwaka 2002

Mwaka 2002, huko Köln nchini Ujerumani, ilichapishwa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Watunzi wake walikuwa watatu: Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Kwa kamusi hiyo jina la msomi mwanamke wa Kitanzania liliwekwa pamoja na majina ya mabingwa wa Ulaya, akiwa mtunzi mwenzao. Jambo hili tusilipite haraka. Katika vitabu vingi vya zamani mwenyeji hutajwa katika shukrani, kwa jina moja au bila jina, kama aliyetoa maneno. Hapa aliyeijua lugha aliandikwa kuwa mwenye kitabu.

Kutunga kamusi ya lugha kama hii ni kazi ngumu tangu katika herufi. Kiiraqw kina sauti ambazo alfabeti ya Kiswahili haikuwekewa nafasi. Iko sauti ya kooni inayofanana na ain ya Kiarabu, ambayo huandikwa kwa mkwaju. Iko sauti ya h nzito ya kooni, inayoandikwa hh. Ziko sl na tl, ambazo hutamkwa kwa pumzi inayopita pembeni mwa ulimi. Na q, ambayo hutamkwa nyuma kabisa ya kinywa kwa kishindo kidogo. Msomaji aliyesoma Kurani katika chuo cha pwani ataitambua ain mara moja, naye aweza kustaajabu kuikuta katika miinuko ya Mbulu. Haikuletwa na wafanyabiashara. Lugha za Kikushi na Kiarabu zimo katika jamii moja kubwa ya lugha, na sauti hizo ni urithi wa kale sana. Mtu akiziandika sauti hizi ovyo, maneno mawili yenye maana mbalimbali hugeuka kuwa moja, na wasomaji wa kesho hupotoshwa.

Pamoja na orodha ya kawaida, kamusi hiyo ina faharasa ya Kiingereza na nyingine inayokusanya maneno kwa kufuata mada. Mpango huu una faida kubwa kwa mwalimu. Maneno ya jamii moja yakikaa pamoja, yale ya mifugo mahali pamoja na yale ya undugu mahali pamoja, huonekana wazi ni mambo gani watu hawa waliyachambua kwa undani. Lugha yenye majina mengi kwa jambo moja hutuambia kwamba maisha yalitegemea kulijua jambo hilo vizuri.

Lakini kamusi hii inatuonyesha pia dosari ya hali yetu. Maana za maneno zimetolewa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Mbulu anayetaka kujua maana ya neno alilolisema bibi yake jana usiku atalipata, ila atalipata kwa lugha ambayo bibi haijui na mwanafunzi mwenyewe anaijua nusunusu. Hali hii haikuanzishwa na watunzi. Ndivyo mambo ya elimu yalivyopangwa: wenye fedha za uchapishaji na wasomaji wa kamusi za namna hii wako mbali, na lugha ya kuwafikia ni Kiingereza. Hapa ndipo upande wa kwanza wa kazi ya Bi. Qorro unapokutana na upande wa pili.

Mwalimu wa Kiingereza anayetetea Kiswahili

Martha Qorro alifundisha katika Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu, alioukamilisha mwaka 1999, ulihusu ufundishaji wa uandishi katika shule za sekondari za Tanzania. Tunalitaja jambo hili kwa sababu maalumu. Wapo wanaodhani kwamba kila anayetetea Kiswahili shuleni ni mtu aliyeshindwa Kiingereza au anayekichukia. Bi. Qorro alikijua Kiingereza, alikifundisha, na alikichunguza jinsi wanafunzi wanavyokiandika. Alikuja kukitetea Kiswahili kwa sababu alikuwa ameona kwa macho yake yaliyomo katika madaftari.

Historia ya suala lenyewe ni hii. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu zote za msingi za umma, lakini shule za sekondari ziliendelea na Kiingereza. Mwaka 1978 wanawake wawili, Penina Mlama, ambaye ni mwandishi mashuhuri wa tamthilia, na May Matteru, walitoa uchunguzi wao, uliochapishwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, kuhusu haja ya kutumia Kiswahili kufundishia katika elimu ya juu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari tangu mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walithibitisha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Hata hivyo matokeo ya uchunguzi wao yalikuwa mradi wa kukisaidia Kiingereza, si kukibadilisha.

Katika hali hiyo Bi. Qorro alianza kuandika. Mwaka 1987, yeye na mwenzake Zaline Roy-Campbell walitoa ripoti ya uchunguzi wa uwezo wa wanafunzi wa sekondari kusoma Kiingereza. Miaka kumi baadaye, mwaka 1997, walichapisha kitabu kamili jijini Dar es Salaam kwa kampuni ya Mkuki na Nyota, wakieleza msukosuko wa lugha katika elimu ya Tanzania. Tangu mwaka 2002 alishiriki katika mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Western Cape cha Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, uliolinganisha kujifunza kwa Kiingereza na kujifunza kwa lugha ambayo wanafunzi wanaifahamu: Kiswahili hapa kwetu, na isiXhosa huko Afrika Kusini. Pamoja na Birgit Brock-Utne na Zubeida Desai alihariri kitabu cha kwanza cha mradi huo mwaka 2003, nacho kilichapishwa na E & D, nyumba ya uchapishaji ya Dar es Salaam iliyoanzishwa na wanawake wenzake, Elieshi Lema na Demere Kitunga. Vitabu vingine vilifuata mwaka 2005, 2006 na baadaye.

Hoja yake kuu ni nyepesi kueleweka, ingawa imechukua miaka mingi bila kukubaliwa. Anasema kwamba kujifunza lugha ni jambo moja, na kujifunza kwa lugha ni jambo jingine. Wazazi na viongozi wengi hudhani kwamba mtoto akifundishwa jiografia na fizikia kwa Kiingereza, atakijua Kiingereza. Bi. Qorro anajibu kwamba mtoto asiyeielewa lugha ya mwalimu hukosa vyote viwili: fizikia haipati, na Kiingereza anachokisikia ni sentensi chache za kukariri. Kama tunataka wanafunzi wajue Kiingereza, na ni vema wakijue, basi kifundishwe vizuri kama somo, na walimu waliokisomea, kwa vitabu vya kutosha. Masomo mengine yafundishwe kwa lugha ambayo mwanafunzi aweza kuuliza swali kwayo.

Tulipime neno hili la kuuliza swali. Mwanafunzi anayekariri anaweza kufaulu mtihani fulani. Lakini mwanafunzi asiyeweza kuuliza hawezi kupinga, na asiyeweza kupinga hawezi kugundua. Walimu wanaosoma insha hii wanaijua hali ya darasa ambalo mwalimu akigeukia Kiswahili kwa dakika mbili, mikono huinuka. Akirudia Kiingereza, mikono hushuka. Utafiti wa Bi. Qorro na wenzake umeipa hali hiyo ushahidi ulioandikwa, ili isiendelee kusemwa kwa minong'ono katika vyumba vya walimu.

Je, Kiswahili hakitaimeza Kiiraqw?

Sasa turudi kwenye swali tuliloliuliza mwanzoni. Mtu wa Mbulu aweza kusema: Kiingereza hakijanidhuru nyumbani, kwa maana hakiingii nyumbani. Kinachoingia ni Kiswahili. Watoto wanaorudi kutoka shule huwajibu bibi zao kwa Kiswahili. Vijana wa Wadatooga waliohamia mijini huwalea watoto wao kwa Kiswahili. Kukitetea Kiswahili ni kumnoa anayetukata.

Hoja hii ina uzito, na si haki kuipuuza. Ni kweli kwamba Kiswahili kimekua kwa kupunguza nafasi ya lugha nyingi. Hata hivyo twaona kwamba anayeitoa hoja hii amechanganya mambo mawili. Lugha ndogo haifi kwa sababu watu wake wamejua lugha kubwa. Wairaqw na Wadatooga wamejua lugha za majirani kwa karne nyingi bila kupoteza zao. Lugha hufa watu wake wanapoaminishwa kwamba haina kazi ya maana, kwamba elimu, heshima na mkate viko katika lugha nyingine. Mafunzo hayo shule yetu huyatoa kila siku bila kuyatamka. Mtoto wa Kainam huanza darasa la kwanza na kuambiwa aweke Kiiraqw kando kwa ajili ya Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza huambiwa aweke Kiswahili kando kwa ajili ya Kiingereza. Mara mbili amefundishwa somo lile lile: kwamba ulichokuja nacho hakitoshi. Aliyekwisha kukubali kwamba Kiswahili chenye mamilioni ya wasemaji, kamusi, magazeti na Bunge hakiwezi kubeba fizikia, ataaminije kwamba Kiiraqw chaweza kubeba chochote?

Kwa hiyo kukitetea Kiswahili darasani ni kuikata imani hiyo kwenye mzizi wake. Taifa likikubali kwamba lugha ya Kiafrika inabeba elimu ya juu, mlango unafunguliwa kwa lugha nyingine za Kiafrika kupewa kazi zinazozifaa: kuandikwa, kuchunguzwa, kufundishia watoto wadogo, kukuza msamiati wa Kiswahili chenyewe. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliutambua uhusiano huu, kwa kuzihesabu lugha za jamii zetu kuwa hazina na kutaka zichunguzwe na kuhifadhiwa, na papo hapo kukusudia Kiswahili kifundishie katika ngazi zote. Aliyeshiriki kuitunga kamusi ya Kiiraqw na aliyepigania Kiswahili katika kidato cha kwanza ni mtu mmoja, na anastahili kuwa mmoja.

Lazima tuseme pia kwamba kazi hiyo haijafika mwisho wake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote, lakini Kiingereza kiliachiwa nafasi yake pia, na vyumba vya madarasa ya sekondari vimeendelea nacho. Mwandishi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi katika hoja moja hakuiona ikishinda kwa haraka. Hilo lisitushangaze. Historia ya utamaduni ina watu wengi waliopanda miti ya kivuli.

Wajibu wa walimu na wanafunzi

Twamaliza kwa kueleza yale ambayo shule zaweza kufanya bila kungoja sera wala fedha za wageni. Mwalimu wa Kiswahili wa Mbulu, Katesh au Haydom anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya likizo: kila mmoja aandike maneno ishirini ya lugha ya nyumbani kwao yanayohusu jambo moja tu, kama vile mvua, ng'ombe, undugu au mazishi, na aeleze maana yake kwa Kiswahili sanifu. Waulizwe hasa bibi na mama, kwa sababu wao wameulizwa kidogo. Neno ambalo halina tafsiri lisilazimishwe. Lielezwe kwa sentensi, kama tulivyojaribu kueleza Looaa na bung'eda. Daftari la darasa moja si kamusi, lakini madaftari ya miaka kumi yakitunzwa katika maktaba ya shule yatakuwa mwanzo wa kamusi yenye maana zilizotolewa kwa Kiswahili, ambayo bibi ataweza kusomewa na kuisahihisha.

Wanafunzi watakaofanya hivyo watajifunza mambo mawili pamoja. Watajua kwamba lugha ya kwao ina vitu vya kuchunguzwa, na kwamba Kiswahili chaweza kuwa chombo cha uchunguzi huo. Siku nyingine mpimaji wa ardhi atakapofika katika nyanda za Hanang na kuuliza kile kichuguu ni kitu gani, huenda mmoja wao akawa ndiye mpimaji mwenyewe, naye hatahitaji kuuliza.